Jino Bovu na Ini la Fundi

Jino lilianza Jumatatu usiku. Lilikuwa gego la chini, bovu tangu mwaka jana, na kila mwisho wa mwezi mwenyewe alijiahidi kwenda kuling'oa. Mwenyewe ni fundi wa magari, gereji yake iko Buguruni kando ya barabara, na kwa mtu anayelipwa kwa kazi ya siku, kushinda kwenye foleni ya daktari wa meno maana yake ni kurudi nyumbani mikono mitupu. Asubuhi akaamka shavu limemvimba. Akapita duka la dawa. "Dada, nipe dawa ya jino, ila iwe kali kidogo," akasema. Dada akampa Panadol, kisha akachukua mkasi akamkatia vidonge vinne vya mchanganyiko, ibuprofeni na parasetamoli humohumo, kutoka kwenye karatasi ndefu. Kipande chenye jina la dawa kikabaki dukani.

Fundi huyu nimemtunga mimi. Ugonjwa wake sikuutunga. Watu wenye maumivu ya jino, wanaomeza dawa siku kadhaa mfululizo bila nia yoyote ya kujidhuru, wamo tele katika maandishi ya madaktari wa Uingereza na Marekani, na kila kitakachompata fundi ndani ya mwili wake nimekitoa kwa hao.

Jino likipiga, alimeza Panadol mbili. Likirudi kabla saa 4 hazijapita, alimeza nyingine mbili. Kwa siku zilifika 12, kila kidonge miligramu 500 za parasetamoli, ambayo ndiyo dawa iliyomo ndani ya Panadol, na hizo tayari ni gramu 6. Vile vinne vya mkasi, ambavyo alivirudia kila asubuhi, kila kimoja kilikuwa na miligramu 325 za parasetamoli. Usiku alimeza vidonge viwili vya mafua kwa sababu vinamletea usingizi, na humo namo mlikuwa na parasetamoli, gramu 1 nzima. Ukijumlisha unapata zaidi ya gramu 8 kwa siku. Kipimo cha juu kabisa cha mtu mzima ni gramu 4. Fundi hakujua kama amevuka mpaka, maana kwa hesabu yake alikuwa anatumia dawa tatu tofauti.

Na kula hakuweza. Mkewe alimletea ugali na samaki, akashindwa kutafuna. Alimletea uji, akasema wa moto unamchoma jino na uliopoa unamtia kichefuchefu. Tangu Jumanne hadi Ijumaa aliishi kwa chai ya rangi na maji. Mkewe alihesabu milo aliyoikataa na dada wa dukani aliona vidonge alivyouza, lakini hakuna aliyekuwa na hesabu zote mbili.

Ijumaa jioni akaanza kutapika, na maumivu mazito yakakaa chini ya mbavu za kulia. Jumamosi asubuhi mkewe alifungua dirisha. "Mume wangu, hebu geuka huku kwenye mwanga nikuone." Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano. Hospitali, daktari alipomuuliza ametumia dawa gani, akajibu jibu ambalo madaktari wamelisikia mara nyingi mno: "Panadol tu."

Hilo neno "tu" linatokana na jambo la kweli. Parasetamoli ikitumiwa kwa kipimo ni miongoni mwa dawa salama zaidi tulizonazo. Haichomi tumbo kama aspirini, mjamzito huandikiwa, mtoto mchanga huandikiwa. Ila usalama huo hautoki kwenye kidonge chenyewe. Ini ndilo linaloutengeneza kila mara unapomeza, na vifaa vya kuutengeneza hutoka kwenye sahani. Hapa ndipo naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu anayeelewa sehemu hii hatahitaji kukariri makatazo.

Parasetamoli ikifika kwenye ini ina njia tatu za kutokea. Mbili za kwanza ni pana, na kwa kipimo cha kawaida huchukua karibu asilimia 90 ya dawa. Katika njia moja, ini huifunga dawa na asidi ya glukuroni, ambayo hutengenezwa kutokana na sukari. Katika nyingine huifunga na salfa. Ikishafungwa hutoka kwenye mkojo bila kumdhuru mtu. Kiasi kidogo, kati ya asilimia 5 na 10, hukamatwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 na wenzake, na hapo dawa hugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Wanasayansi wanakiita NAPQI. Ni sumu inayong'ang'ania protini za seli za ini mpaka seli zenyewe zife. Kila Panadol uliyowahi kumeza ilizaa sumu hii kidogo. Hukudhurika kwa sababu glutathioni iliiwahi.

Glutathioni ni molekuli ndogo iliyojengwa na asidi amino tatu tu: glutamati, sisteini na glisini. Asidi amino, kama tujuavyo, ndizo matofali ya protini, na ini ndilo karakana kuu inayozipokea baada ya mlo, kuzivunja, kuzigeuza na kuzigawa. Glutamati na glisini mwili huwa nazo za kutosha kwa kawaida. Inayoadimika ni sisteini, na sisteini ndiyo yenye salfa, sehemu hasa inayoishika NAPQI na kuitoa meno. Sisteini ikipungua, ini hujaribu kuiunda kutokana na methionini, asidi amino nyingine yenye salfa. Lakini methionini mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima iliwe: mayai, samaki, dagaa, nyama, maziwa, ufuta. Maharage yanayo kwa uchache, mahindi huongezea, na ndiyo sababu sahani ya makande ina maana kubwa kuliko mahindi peke yake au maharage peke yake.

Ile salfa ya njia ya pili nayo kwa sehemu kubwa hutokana na sisteini hiyohiyo. Kwa hiyo asidi amino moja inadaiwa mara mbili na kidonge kimoja: mara ya kwanza kuifunga dawa kabla haijawa sumu, mara ya pili kuikamata sumu iliyokwisha kutoka.

Sasa mrudie fundi na chai yake ya rangi. Akiba ya sukari kwenye ini huisha mapema mtu asipokula, pengine ndani ya siku moja, na njia ya kwanza ikabanwa. Methionini na sisteini haziingii, na njia ya pili ikabanwa. Dawa inayokosa pa kupita inaelekea njia ya tatu, na huko njaa imeshafanya kazi nyingine tena, kwa kuwa mwili usiokula huongeza kimeng'enya cha CYP2E1. Sumu inazalishwa kwa wingi kuliko siku za kawaida, wakati glutathioni ya kuizuia ndiyo inayokauka. Gramu 8 ni nyingi kwa mtu yeyote. Kwa mtu aliyefunga kinywa siku nne, ni nyingi kuliko tarakimu yenyewe inavyosema.

Mambo haya yalichukua miaka kujulikana. Parasetamoli ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1956. Miaka 10 baadaye, 1966, madaktari Davidson na Eastham wa Edinburgh waliandika juu ya wagonjwa waliokufa kwa kuharibika ini baada ya kumeza dawa hiyo kupita kiasi. Ilikuwaje dawa ya upole hivyo iue? Jibu lilipatikana mwaka 1973 huko Bethesda, Marekani, kwenye maabara za taasisi ya taifa ya afya, ambako Jerry Mitchell, David Jollow na wenzao walikuwa wakifanya kazi na panya. Walipima glutathioni kwenye ini, wakaona kwamba dozi ndogo haikuleta madhara yoyote. Dozi ilipopandishwa, glutathioni ikateremka, na bado seli zikawa salama. Ilipopungua kwa kama asilimia 70 ndipo dawa ilipoanza kugandamana na protini za ini na seli zikaanza kufa. Panya waliopewa kwanza kemikali ya kumaliza glutathioni waliumia vibaya kwa dozi zilezile ambazo wenzao walizistahimili. Waliopewa sisteini wakalindwa.

Tangu hapo imekuwa desturi ya maabara nyingi: mtafiti anayetaka kuumiza ini la panya kwa parasetamoli, ili alichunguze, humlaza panya na njaa usiku kucha kabla ya kumpa dawa. Asipofanya hivyo, ini lililoshiba humharibia jaribio. Natamani jambo hili dogo lingejulikana kwa kila anayeuza dawa, kwa sababu linatuambia yote kuhusu fundi wetu. Alijifanyia mwenyewe, bila kujua, maandalizi yale ambayo wataalamu huyafanya makusudi.

Mwaka 1994 madaktari David Whitcomb na Geoffrey Block wa Pittsburgh waliwatazama binadamu. Walichunguza wagonjwa walioumia ini kwa dawa hii na kuuliza maswali ya kawaida tu: ulikunywa kiasi gani, ulikuwa unakula, unatumia pombe? Kati ya waliodhurika kwa gramu 4 hadi 10 kwa siku, kiasi ambacho wengi hukivumilia bila kuugua, kukaa na njaa siku za karibuni kulionekana mara nyingi kuliko hata kunywa pombe. Watu hawakula kwa sababu walikuwa wanaumwa, na kwa sababu walikuwa wanaumwa walizidisha dawa.

Wodini, daktari aliyempokea fundi alifanya jambo la maana kuliko yote: alimwambia mke arudi nyumbani alete kila karatasi na kila kopo la dawa lililokuwa chumbani. Zilipomwagwa mezani, parasetamoli ilijitokeza mara tatu kwa majina matatu. Damu ilipopimwa, vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda mno na damu ilichelewa kuganda, kwa sababu protini za kugandisha damu hutengenezwa na ini lilelile. Akapelekwa hospitali ya rufaa, akaanza kutiwa asetilisisteini kwa dripu.

Chupa ya asetilisisteini ikifunguliwa hunuka kama yai viza. Harufu hiyo ni salfa, na salfa ndiyo kazi yake yote. Dawa hii ni sisteini iliyovishwa kikundi kidogo cha asetili ili iingie mwilini kwa urahisi. Ikifika kwenye ini huvuliwa, na ini likapata sisteini ya kutengenezea glutathioni upya. Ilikuwa ikitumika kulainisha makohozi ya wagonjwa wa kifua kabla ya Laurie Prescott na wenzake wa Edinburgh kuigeuza kuwa kinga ya ini mwaka 1977. Walikuwa wamejaribu kwanza dawa nyingine yenye salfa, sisteamini, iliyosaidia lakini iliwatapisha wagonjwa vibaya. Mwaka 1979 wakatoa hesabu ya wagonjwa 100 waliomeza dozi kubwa. Arobaini waliotibiwa ndani ya saa 8 tangu wameze walilindwa karibu wote kabisa. Kati ya 62 waliotibiwa ndani ya saa 10, ni mmoja tu aliyeumia ini vibaya. Kati ya 38 waliochelewa hadi kati ya saa 10 na 24, walioumia vibaya walikuwa 20. Sumu ni ileile, tiba ni ileile, hospitali ni ileile. Wakati ndio uliopishana.

Na wakati huo una hila moja ambayo lazima isemwe wazi. Mtu aliyemeza vidonge vingi kwa mara moja anaweza kukaa siku ya kwanza bila dalili ya maana, labda kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Siku ya pili mara nyingi hujisikia nafuu. Ndugu wanashukuru Mungu, majirani wanaondoka, mgonjwa anaomba chakula. Kumbe siku hiyohiyo seli za ini zinakufa, na kipimo cha damu pekee ndicho kingeonyesha. Siku ya tatu na ya nne huja manjano, kuchanganyikiwa, kutokwa damu. Familia ngapi zimeridhika na siku ya pili!

Fundi yeye hakumeza kwa mpigo, alimeza kidogokidogo, na hali ya namna hiyo ni ngumu zaidi kuitambua kwa sababu hakuna saa moja ya kuanzia kuhesabu. Alichelewa sana. Hata hivyo asetilisisteini hupewa hata kwa waliochelewa, kwa kuwa imeonekana kuwasaidia hata baadhi ya wale ambao ini limeshaanza kushindwa kazi. Kwake ilisaidia. Alilazwa muda mrefu, akarudi nyumbani nguo zinampwaya, gereji imekaa chini ya kijana wake kwa wiki kadhaa. Na jino? Jino lilikuwa bado lipo kinywani. Madaktari walikataa kuling'oa mpaka damu yake irudi kuganda sawasawa, maana kung'oa jino kwa mtu ambaye ini lake halitengenezi vigandisho ni kumfungulia damu isiyokatika. Maumivu aliyoyakimbia kwa siku nne akayalipa kwa muda mrefu zaidi.

Nimemchagua mtu mzima mwenye nguvu ili jambo lionekane wazi, lakini hofu yangu kubwa iko kwa wengine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Indies, Jamaika, waliwapima watoto wenye kwashiakoo na kukuta kwamba miili yao hutengeneza glutathioni polepole mno. Walipoongezewa sisteini, kasi ikapanda. Fikiria mtoto wa namna hiyo ana homa, na mama anampa sharubati ya parasetamoli kwa kijiko cha chai cha nyumbani, kila anapolia. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara 4 kwa siku, na uzito huo uwe wa leo kwenye mizani, usikadiriwe kwa umri. Mtoto wa miaka mitatu aliyekonda si sawa na mtoto wa miaka mitatu aliyeshiba.

Mnywaji wa gongo au bia za kila siku yuko njia hiyohiyo, kwa sababu pombe huchochea CYP2E1 na mara nyingi huchukua nafasi ya chakula. Mtu aliye kwenye dawa za kifua kikuu naye aseme mapema dukani, kwani isoniazidi hukichochea kimeng'enya hicho, na dawa za kifua kikuu zenyewe zinaweza kuumiza ini. Anayefunga Ramadhani asitiwe hofu: anakula futari na daku, na kipimo cha kawaida kinamtosha bila madhara. Tunaowazungumzia ni wale wanaopitisha siku na siku bila mlo.

Kuna wanaouliza kama basi wameze vidonge vya glutathioni wajikinge. Siku hizi zinatangazwa sana, nyingi kwa ajili ya kung'arisha ngozi. Glutathioni iliyomezwa huvunjwavunjwa kwa wingi tumboni kabla haijafika popote, na hata hivyo hakuna mlo wala kirutubisho kinachompa mtu ruhusa ya kupita gramu 4. Kula vizuri hukurudishia ulinzi wako wa kawaida. Hakuongezi mpaka.

Uingereza iliamua mwaka 1998 kupunguza idadi ya vidonge kwenye paketi: 16 kwa maduka ya kawaida, 32 kwa maduka ya dawa. Katika miaka 11 iliyofuata, vifo vya sumu ya parasetamoli kule vilipungua kwa asilimia 43 kuliko vilivyotarajiwa. Kwetu mkasi wa duka la dawa unaweza kuonekana umeshafanya kazi hiyo, kwa kuwa tunauza vidonge vinne vinne. Sikubali. Mkasi hupunguza idadi lakini unakata na jina, na mtu asiyejua jina la alichomeza hawezi kujumlisha. Muuzaji anayekata karatasi aandike kwa kalamu kwenye bahasha: parasetamoli, miligramu ngapi, mara ngapi. Ni nusu dakika ya kazi. Na aulize swali moja la ziada, "Umekula leo?", na akijibiwa siku mbili hajala, ampeleke kituo cha afya badala ya kumwongezea vidonge.

Wewe unayesoma, leo jioni toa dawa zote zilizo nyumbani mwako uzisome majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Zenye neno parasetamoli, ambayo Wamarekani huiita asetaminofeni, ziweke pamoja na uzihesabu kuwa dawa moja. Na akitokea wa kwenu aliyemeza kupita kipimo, kwa makusudi au kwa maumivu ya jino, mpeleke hospitali saa ileile na karatasi zake zote mkononi, hata kama anakuambia hajisikii chochote. Usingoje siku ya pili.